Ujumbe wa Ushauri wa Ramsar: Kilombero umo, Ihefu bado iko nje ya mlango

Huduma tunayoipima hapa ni Ujumbe wa Ushauri wa Ramsar. Ni timu ndogo, kwa kawaida wataalamu wawili hadi wanne pamoja na ofisa wa Sekretarieti ya Mkataba wa Ramsar. Wanakwenda kwenye ardhioevu iliyoorodheshwa kimataifa pale inapoanza kuharibika, wanakaa uwandani kama wiki moja, wanasikiliza kila upande, kisha wanaiandikia serikali ripoti yenye mapendekezo. Utaratibu huu ulipitishwa Montreux, Uswisi, mwaka 1990, na nchi wanachama zilipokutana Dubai mwaka 2018 zikatoa azimio la kuuimarisha. Mkataba wenyewe ulitiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, Februari 2, 1971. Tanzania ilijiunga mwaka 2000.

Hukumu yetu tunaiweka mapema ili msomaji aamue kama aendelee. Ushauri ni wa kiwango cha juu, haulipwi na mwekezaji wa mradi unaochunguzwa, na una uzito mezani ambao ripoti ya mshauri binafsi haiwezi kuwa nao. Ila huduma hii haiombwi na kijiji, wala halmashauri, wala jumuiya ya watumia maji. Inaombwa na serikali ya nchi, na ni kwa maeneo yaliyomo kwenye orodha ya Ramsar. Kwa Nyanda za Juu Kusini, sharti hilo la pili ndilo linalouma.

Nani yumo, nani hayumo

Tanzania ina maeneo manne kwenye orodha: Malagarasi-Muyovozi (2000), Bonde la Ziwa Natron (2001), Bonde la Kilombero (2002) na Rufiji-Mafia-Kilwa (2004). Usangu, ile tambarare ya Mbarali mkoani Mbeya, haimo. Ihefu, ardhioevu iliyo ndani ya Usangu na iliyokuwa ikiuhudumia mto Ruaha Mkuu kiangazi kizima, haimo. Sehemu kubwa ya eneo hilo iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, kwa hiyo inalindwa na sheria za nchi. Ulinzi huo ni mzuri, lakini hautoshi kumleta mjumbe wa Ramsar Rujewa.

Kilombero iko mkoani Morogoro, lakini wakazi wa Njombe na Mufindi wasione kama ni jambo la wengine. Mito ya Mnyera na Ruhudji inakusanya maji ya nyanda za Njombe na Mufindi na kuyamwaga kwenye uwanda wa Kilombero. Mto Kihansi nao unaporomoka kutoka ukingo wa Udzungwa upande huohuo. Eneo la Ramsar lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba 7,967, na bonde la Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji ya mto Rufiji. Ruaha Mkuu, pamoja na kelele zote zinazoizunguka, inachangia kama asilimia 15. Mkataba unazungumzia mabadiliko ya sifa za kiikolojia za eneo, hausemi kwamba chanzo cha mabadiliko lazima kiwe ndani ya mpaka. Bwawa la umeme, shamba kubwa la miti au mifereji ya chai huko juu vinaweza kuingia kwenye ripoti ya Kilombero kihalali kabisa.

Kuna wanaosema Usangu ingeweza kupita mlango huohuo, kwa kuwa maji ya Ruaha Mkuu huishia kwenye delta ya Rufiji, ambayo imeorodheshwa. Kwenye karatasi hoja inasimama. Uwandani inadhoofika, kwa sababu kati ya Ihefu na delta kuna Mtera, Kidatu na sasa bwawa la Julius Nyerere. Mtaalamu yeyote atauliza mara moja ni kiasi gani cha badiliko la delta kinatoka kwenye mabanio ya Mbarali, yaani vizuizi vinavyogeuzia maji ya mto mferejini, na kiasi gani kinatoka kwenye mabwawa matatu yaliyo katikati, na jibu safi halipatikani. Hatushauri kuitegemea njia hiyo.

Kazi iliyokwisha kufanyika nchini

Ujumbe ulikwenda Natron mwaka 2008, wakati wa mpango wa kiwanda cha magadi kando ya ziwa ambalo ndilo mahali pekee pa uhakika pa kuzaliana kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Mwaka 2016 ujumbe mwingine ulikwenda Kilombero. Matatizo ya bonde hilo yanajulikana: mashamba yanayoingia ndani ya uwanda wa mafuriko, ng'ombe wengi kuliko malisho ya kiangazi, njia za wanyama kama ushoroba wa Ruipa kuzibwa na makazi, na miradi ya umwagiliaji inayopangwa kila mmoja peke yake bila kujumlisha maji yote yatakayotolewa. Sheshe, swala wa nyanda zenye majimaji ambaye Kilombero ilikuwa ngome yake kuu Afrika, ndiye kipimo cha haraka cha hali ya uwanda ule.

Nguvu ya ujumbe wa namna hii iko katika kuyaweka matatizo hayo yote kwenye karatasi moja, mbele ya wizara zote. Wizara ya kilimo ina mpango wake, nishati ina wake, maliasili ina wake. Tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 huangalia mradi mmoja mmoja. Ujumbe huangalia bonde. Hiyo peke yake inatosha kuufanya uwe na thamani.

Udhaifu ni kwamba mapendekezo hayana nguvu ya kisheria. Serikali ikiyaweka kabatini, hakuna faini wala mahakama. Kinachobaki ni hadhi ya nchi mbele ya wenzake, na uwezekano wa eneo kuingizwa kwenye Orodha ya Montreux, yaani orodha ya ardhioevu ambazo sifa zake zimebadilika, zinabadilika au zinaelekea kubadilika kwa sababu ya shughuli za binadamu. Baadhi ya maofisa huichukulia orodha hiyo kama aibu. Ni kosa. Kuingia humo hulipa eneo kipaumbele cha msaada na ushauri, na eneo hutoka likishatengemaa.

Namna inavyoombwa, na pale inapoharibikia

Ombi linatoka kwa mamlaka ya usimamizi ya mkataba nchini, ambayo kwetu iko Wizara ya Maliasili na Utalii upande wa wanyamapori. Mamlaka inaiandikia Sekretarieti huko Gland, Uswisi. Zinatengenezwa hadidu za rejea, timu inachaguliwa, tarehe zinapangwa, fedha zinatafutwa. Timu inakuja, inaondoka, inatuma rasimu. Serikali inatoa maoni. Ripoti ya mwisho inachapishwa.

Fedha kwanza, maana hapo ndipo safari nyingi hukwama. Bajeti ya kawaida ya mkataba haibebi kila ujumbe. Hutegemea michango ya hiari ya nchi nyingine na kile ambacho mwenyeji anaweza kutoa: magari, mafuta, posho za maofisa wa wilaya, boti, wakati mwingine ndege ndogo. Ombi linalokwenda likiwa limeonyesha mwenyeji atachangia nini hupata jibu haraka kuliko ombi tupu.

Jambo la pili, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni hadidu za rejea. Ukiandika "kuchunguza hali ya bonde na kutoa mapendekezo" utapewa ripoti inayosema bonde liko katika hali mbaya na kwamba wadau washirikiane. Hilo kila mzee wa Ifakara anaweza kukuambia bila nauli ya ndege. Uliza swali lenye tarakimu. Kiangazi, mtiririko wa chini kabisa usioruhusiwa kuvukwa pale kituo cha kupimia mto cha Swero ni mita za ujazo ngapi kwa sekunde? Ng'ombe wangapi, miezi ipi, upande upi wa mto? Ushoroba upi bado unafufulika, na kwa kuhamisha nini? Miradi ya umwagiliaji iliyopangwa ikijengwa yote, jumla ya maji ya Oktoba itakuwa ngapi? Maswali manne ya namna hiyo ni bora kuliko kurasa kumi za malengo.

Tatu ni takwimu. Wiki moja uwandani haitoshi kupima mto. Timu inasoma ulichonacho, inakagua kama kinaaminika, na kujenga ushauri juu yake. Ukiwa huna kitu, ushauri utajengwa juu ya makisio, na yeyote asiyeupenda ataupinga kwa neno moja tu: "mmepima wapi?"

Kinachotakiwa kuwa mezani kabla ya ndege kutua

Tutatumia Usangu kama mfano hapa, ingawa haijaorodheshwa, kwa sababu ndiyo ardhioevu ya kusini iliyopimwa vizuri kuliko zote na inaonyesha wazi kwa nini tarakimu zinashinda hotuba.

Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima ndani ya hifadhi. Mwaka 1993 ulikauka kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kukauka kiangazi kumekuwa jambo la kila mwaka. Maelezo yalikuwa mengi: mvua imepungua, miti imekatwa kwenye milima ya Kipengere, ng'ombe wamekanyaga Ihefu, mpunga umemaliza maji. Kilichokata mzizi wa fitina ni vipimo. Watafiti walilinganisha miaka ya 1958 hadi 2004 wakaona kwamba maji yanayoingia kwenye ardhioevu kati ya Julai na Novemba yalipungua kwa takriban asilimia 70, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu yake kwa kumwagilia. Eneo la ardhioevu wakati wa kiangazi likapungua kwa takriban asilimia 40.

Tarakimu ya pili ndiyo ya kukumbuka. Ihefu ni kama karai: maji hutoka pale tu yanapofika kwenye ukingo, na ukingo huo ni mwamba wa asili pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mwamba, mto ndani ya hifadhi unasimama hata kama Ihefu bado ina viboko na samaki. Na katikati hapo jua na majani marefu yanakunywa sehemu kubwa ya kinachoingia. Ili litoke tone dogo la kama mita za ujazo 0.6 kwa sekunde pale Ng'iriama, inabidi kiangazi ziingie wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde, karibu mara mbili ya kilichokuwa kinaingia wakati utafiti ulipofanyika. Mtu asiyelijua hilo atashauri "ongezeni lita 600 mtoni" na atashangaa kwamba mwaka unaofuata hakuna kilichobadilika. Lita zake 600 zitakuwa zimeishia kwenye majani.

Kwa hiyo kifurushi cha kwanza ni usomaji wa vipimio vya mto: Ng'iriama, Msembe ndani ya hifadhi, na kila mto unaoingia, yaani Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, ndiyo mtunzaji. Omba daftari la msomaji pamoja na ile jedwali ya kina na mtiririko. Jedwali hiyo huzeeka: mafuriko yakichimba au yakijaza mchanga, kina kilekile hakimaanishi tena mtiririko uleule. Kama haijapimwa upya baada ya mafuriko makubwa, andika hivyo waziwazi. Timu nzuri itaheshimu takwimu zenye dosari iliyotajwa kuliko takwimu safi zinazotia shaka.

Kifurushi cha pili ni mabanio. Orodha ya vibali vya kutumia maji haitoshi, kwa sababu kibali kinaonyesha kinachoruhusiwa, hakionyeshi kinachochukuliwa. Kupima mfereji hakuhitaji kifaa cha bei. Tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na majani, pima mita 10 ukingoni, weka kamba mwanzo na mwisho. Pima upana, kisha kina sehemu tano kuanzia ukingo hadi ukingo, uchukue wastani. Tupa chungwa katikati ya mkondo; chungwa ni zuri kuliko kipande cha mti kwa kuwa huzama karibu lote na upepo haulisukumi. Hesabu sekunde kutoka kamba hadi kamba, rudia mara tano. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo kasi uizidishe kwa 0.85.

Tuseme mfereji una upana wa mita 2 na kina cha mita 0.5, chungwa limetumia sekunde 20. Eneo la maji ni mita 1 ya mraba. Kasi ya juu mita 0.5 kwa sekunde, ikizidishwa kwa 0.85 inakuwa 0.425. Mfereji unabeba lita 425 kwa sekunde. Kama kibali kinasema 250, sasa una hoja. Fanya hivyo kwa kila banio kubwa ndani ya siku tatu mfululizo za Septemba, ili mto uwe uleule. Vipimo vilivyotawanyika kuanzia Julai hadi Novemba havijumlishiki.

Jambo moja kuhusu mabanio wageni wengi hulikosea. Banio la kienyeji la mawe, magogo na majani huvuja, na kila masika huzolewa na maji. Ukilitazama unaona upotevu. Banio la zege lenye geti linaonekana la kisasa na la kuokoa maji. Lakini kiangazi, zege linalokatiza mto mzima linaweza kunasa kila tone na kulielekeza mferejini, wakati lile la mawe lilikuwa linawaachia wa chini riziki yao bila mtu kupanga. Uzi wa geti ukishakwama kwa kutu na mlango mdogo wa kuachia maji ya mto ukishajaa mchanga, ndiyo basi. Kabla ya kumwonyesha mjumbe "skimu iliyoboreshwa", nenda chini ya banio uangalie kama mto una maji.

Vilevile kuwasakafia watu mifereji kwa zege si dawa ya moja kwa moja. Maji yanayovuja kwenye mfereji wa udongo mara nyingi hurudi mtoni au hulowesha shamba la chini. Yanayopotea kweli ni yale yanayopanda hewani: majaruba yaliyojazwa wiki kadhaa kabla ya kupandikiza, mashamba yaliyochelewa, maji yaliyosambaa kwenye mbuga tupu. Na kuna mifereji inayotiririka kiangazi kizima ilhali hakuna mpunga wowote, kwa sababu vijiji vinaoshea, vinapikia na kunyweshea mifugo kutoka humo. Mfereji wa namna hiyo unabeba mamia ya lita kwa sekunde ili kaya zipate ndoo zao. Geti halitafungwa mpaka kijiji kipate kisima au bomba. Ushauri wowote wa "fungeni mabanio Julai" usioambatana na visima hautekelezeki, na mjumbe anayeujua ukweli huu atatoa pendekezo tofauti kabisa.

Kifurushi cha tatu ni picha za setilaiti. Sentinel-2 hupiga kila baada ya siku 5 kwa undani wa mita 10, bure. Landsat inarudi nyuma hadi miaka ya 1970. Tahadhari ni moja: mpunga wa kijani na matete ya kijani hufanana ukitazama kutoka juu. Chukua pointi za GPS angalau mia moja, nusu kwenye mpunga, nusu kwenye ardhioevu ya asili, uziandike tarehe, ili mtaalamu wa picha aweze kutofautisha. Bila pointi hizo, ramani ya "ardhioevu iliyobaki" inaweza kuwa imehesabu mashamba ya mpunga kama hifadhi.

Mikutano ya vijiji

Hapa ndipo ujumbe mzuri unaweza kuharibiwa na mapokezi mabaya. Mbarali watu wanakumbuka kuondolewa kwa wafugaji mwaka 2006 na 2007. Magari meupe yakiingia kijijini na wageni wenye kompyuta, jambo la kwanza linalosemwa kilabuni ni kwamba wanakuja kupima watu wa kuhamishwa. Askari wa wanyamapori wenye silaha wakisimama nyuma ya mkutano, hakuna mfugaji atakayesema ukweli kuhusu idadi ya ng'ombe wake, na takwimu zote za siku hiyo zinakuwa za kutupa.

Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji wapewe taarifa wiki mbili kabla, kwa Kiswahili, ikisema wageni ni nani, wanaiandikia nani, na kwamba hawana mamlaka ya kumhamisha mtu. Wafugaji wapewe kikao chao, wakulima wa mwisho wa mfereji chao, maana mbele ya wale wa juu ya mfereji, wa chini hunyamaza. Akina mama wanaochota maji wasikilizwe asubuhi mferejini palepale, wakiwa kazini, badala ya kuitwa ukumbini saa saba. Mjumbe anapouliza "shikamoo mzee, mto huu zamani ulikuwaje", mwachie mzee amalize. Mkalimani anayefupisha maneno ya dakika kumi kuwa sentensi moja anapoteza nusu ya safari.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, kwani lugha rasmi za mkataba ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Dai muhtasari wa Kiswahili uandikwe kwenye hadidu za rejea tangu mwanzo, kurasa nne hadi sita, wenye ramani moja na orodha ya nani anatakiwa kufanya nini. Likisahauliwa hapo, halitafanyika baadaye, kwa sababu timu itakuwa imetawanyika na fedha zimekwisha.

Kama huwezi kuisubiri

Kwa mtu wa Njombe au Mufindi anayeona tishio linaloelekea Kilombero, mlango mdogo upo. Mtu au asasi yoyote inaweza kuiandikia Sekretarieti kuhusu badiliko kwenye eneo lililoorodheshwa, nayo huuliza mamlaka ya nchi. Barua iwe ukurasa mmoja: jina la eneo la Ramsar, pointi za GPS, tarehe, picha zenye tarehe, nini kimebadilika, mto gani unahusika, na ni ofisi zipi zimeshaelezwa. Nakala ipelekwe wizarani siku hiyohiyo. Barua inayoanza kwa kuwatuhumu watu kwa majina hukwama. Inayoanza kwa kipimo hujibiwa.

Kwa Usangu, huduma mbadala ziko karibu. Bodi ya bonde inaweza kupima na kurekebisha vibali chini ya Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009, na ndiyo inayosajili jumuiya za watumia maji. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ina ofisi ya kanda Mbeya kwa masuala ya tathmini ya mazingira na ile mita 60 ya kutolima wala kujenga kando ya mto, bwawa au ziwa. Wataalamu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro wamefanya kazi Usangu kwa miongo, na nyingi ya tarakimu tulizotaja zina mikono yao. Kwa vyanzo vya Makete, Njombe na Mufindi, ambako mikaratusi imepandwa hadi juu ya chemchemi na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimeshuka hadi kwenye maji, hakuna haja ya mtu wa Gland. Jumuiya yenye kanuni zake ndogo na bwana misitu mwenye pikipiki watafanya zaidi.

Bado tunaona Ihefu inastahili kuwemo kwenye orodha. Vigezo vya Ramsar ni tisa, na kimoja tu kikitimia kinatosha. Vinavyothibitishika kwa urahisi ni vya ndege wa majini: eneo linalokaliwa mara kwa mara na ndege 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya kundi zima la spishi moja. Neno "mara kwa mara" lina masharti yake. Idadi hiyo iwe imefikiwa katika theluthi mbili ya misimu iliyohesabiwa vizuri, na misimu isipungue mitatu. Au wastani wa idadi za juu za angalau miaka mitano ufikie kiwango hicho. Hesabu ya Afrika hufanywa Januari, wakati mbuga za Usangu zimeanza kujaa na gari halipiti, kwa hiyo sehemu kubwa itahesabiwa kwa ndege au boti. Hesabu ya pili ifanywe Oktoba, ndege wanapokuwa wamejikusanya kwenye maji machache yaliyobaki. Njia iwe ileile na vituo vilevile kila mwaka, na fomu za uwandani zihifadhiwe zenyewe pamoja na majumlisho, kwa sababu anayekagua maombi Gland ataziulizia.